Namba Tisa Iliyokuwa Nane

Mpwa wangu Lifineti Kamchacha ndiye aliyekuwa akiipanga siku ya Bunge zima. Msinibishie. Mnadhani ni Spika? Spika anakaa kwenye kiti kirefu anasoma tu, na anachosoma kimepigwa chapa na vidole vya mtoto wa dada yangu. Vidole hivyo nilivifundisha mimi kushika kalamu, ingawa shule yenyewe niliiachia darasa la sita, na hilo la sita nililisomea zaidi dirishani kuliko ndani, kwa kuwa mwalimu na mimi tulikuwa na maneno.

Kwetu watoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yao. Dada yangu alipofariki aliniachia wawili: Lifineti, na mdogo wake Jailosi ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Lifineti nikamtafutia kazi Lilongwe. Sawa, kazi aliitafuta mwenyewe, lakini barua ya maombi niliipeleka posta mimi, na mvua ilikuwa inanyesha. Jailosi akawa seremala. Mlango wake ukiufunga, hata mbu anabisha hodi.

Sasa niwaeleze kazi ya Lifineti, maana watu wengi wakimwona na lile sweta lake la kijani wanadhani ni mtu wa kufagia. Kila siku ya kikao, Bunge lina karatasi yake, Orodha ya Shughuli. Ndani yake mambo yote yamewekewa namba: dua, maswali, halafu miswada, mmoja mmoja. Kisichokuwa kwenye karatasi hiyo hakisemwi siku hiyo, hata kama nyumba inaungua. Na kilichoko kinafuata zamu. Namba mbili haiwezi kuiruka namba moja, na namba tisa inasubiri kama mgonjwa wa mwisho kwenye foleni ya zahanati, daktari akiondoka na yeye anarudi nyumbani na homa yake.

Lifineti aliichapa karatasi hiyo miaka kumi na mitano. Alikuwa na namna yake. Akimaliza, anachukua rula, anaikagua orodha kutoka chini kwenda juu. Nilimuuliza kwa nini anasoma kinyumenyume kama mchawi.

"Mjomba, ukisoma kutoka juu jicho linakimbia, linasoma kile linachokitarajia. Ukisoma kutoka chini linalazimika kutazama."

Nikamwambia hilo nilikuwa nalijua siku nyingi.

Karatasi ya kwanza ni nyeupe, nakala mia tatu, inachapwa jioni ya kuamkia kikao. Kosa likigunduliwa baada ya hapo, linasahihishwa kwa kijikaratasi cha pinki kinachogawiwa mlangoni asubuhi. Lakini pinki hiyohiyo ndiyo wanayotangazia misiba, na kwaya ya Bunge, na miwani iliyookotwa chooni. Kwa hiyo mheshimiwa akipewa pinki anafanya nini? Anatia mfukoni. Hasomi. Nimewaona kwa macho yangu. Mke wa mmoja wao aliwahi kutoa pinki kumi na saba kwenye koti moja siku ya kufua.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Miaka mitatu kabla ya haya, Jailosi alikuwa anavuka soko na mbao begani. Polisi akamwita kutoka nyuma. Hakugeuka, angegeukaje? Akaitwa tena, hakugeuka, akakamatwa. Wakamuuliza maswali. Akawaonyesha masikio, akawaonyesha mdomo, wakaona anafanya dharau. Alikaa siku nne ndani kabla hatujajua yuko wapi. Lifineti alipofika akaomba aone kilichoandikwa kitabuni. Kilikuwa kimeandikwa hivi: *Amekataa kujibu.*

Maneno hayo mawili yalimkaa Lifineti rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Hakulia. Alirudi ofisini akachapa kwenye kadi ngumu, kwa herufi zilezile za Orodha ya Shughuli: *Mimi ni kiziwi. Sikatai kujibu.* Akatoboa tundu, akatia uzi, Jailosi akawa anaivaa shingoni kila atokapo. Mwanamume wa miaka thelathini na tatu, fundi, anatembea mjini na kadi shingoni kama mbuzi wa mnada. Kuna siku nyingine alikuwa hatoki kabisa.

Ndipo akatokea Mheshimiwa Bizeki Nakanga, mbunge wa huko kwetu milimani, mzee wa miaka sabini. Jailosi alikuwa amemtengenezea mabenchi ya kanisa, na jioni baada ya jioni mzee alikaa juu ya mbao akijifunza kusema kwa mikono. Alijifunza haraka kuliko mimi, jambo ambalo sikulipenda. Mimi kwa miaka yote ile nilijua alama tano tu, na mbili kati yake ni za chakula. Nakanga aliposikia habari ya siku nne akaandika muswada: kila kituo cha polisi, kila mahakama na kila hospitali ya wilaya iwe na mtu anayejua lugha ya alama.

Miswada ya wabunge wa kawaida, wasio mawaziri, husomwa Alhamisi tu, mpaka saa sita na nusu. Muswada wa Nakanga uliingia kwenye karatasi ukiwa wa mwisho. Alhamisi ya kwanza haukufikiwa. Ya pili haukufikiwa. Ya tatu, Spika alikuwa ameshavuta pumzi autaje, saa ikagonga. Ya nne waheshimiwa walizozana habari ya mizani za tumbaku mpaka mmoja akavua koti. Ikabaki Alhamisi moja, ya tano, siku ya kufunga Bunge. Usipofikiwa hiyo, unakufa, na wa kuufufua hakuna, maana Nakanga alikwisha sema hagombei tena. Lakini ukisomwa mara ya pili, ndiyo kujadiliwa kwenyewe, na kukubaliwa, unakwenda kwenye kamati, na muswada ulio kwenye kamati haufi Bunge likifungwa.

Mnaona basi. Mwenye kuzipanga namba ni dada yake Jailosi, na namba ya Jailosi iko mkiani.

Nilimwambia waziwazi, wiki hiyo nilipokuja kukaa kwake Eneo la Ishirini na Tatu.

"Lifi, mwanangu, tisa na mbili zinapishana nini? Kidole tu hicho. Bonyeza, ipande."

"Mjomba, si karatasi yangu."

"Anaichapa nani?"

"Ninaichapa mimi. Nyimbo za kanisani unaziimba wewe, ni zako?"

Mtoto huyo ulimi wake kaurithi kwangu. Nikala.

Jumatano alasiri nilibaki nyumbani peke yangu na njaa. Nilimpigia simu kazini. Wapo watu wanaosema kwamba yaliyofuata ni kosa la simu zangu. Watu watasema.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri tulikuwa mezani. Chai, mandasi, na Jailosi tayari ndani ya suti ya buluu, kadi shingoni, maana tulikuwa tunakwenda kukaa viti vya wageni kuutazama muswada ukipona au ukifa. Lifineti ana kawaida ya kurudi nyumbani na nakala moja ya karatasi nyeupe. Akaichukua, akaweka rula chini, akaanza kupanda. Tisa, nane, saba. Kufika tatu, rula ikasimama.

"Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Jana uliponipigia mara ya tatu uliniuliza nini?"

"Usipa umewekwa wapi."

"Na mara ya pili?"

"Kama ule niliouona kabatini ndio usipa wenyewe."

"Na mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza nilikusalimia. Mimi siyo mtu wa kupiga simu kuomba samaki bila salamu."

Akaisukuma karatasi mbele yangu. "Namba tatu imekufa."

"Kafa nani?"

"Muswada! Mwenyewe aliuondoa jana saa tisa. Barua ililetwa, nikaiweka chini ya kikombe nimalizane na wewe na samaki wako. Halafu muda ukanibana, nikakagua kutoka juu." Akashika kichwa. "Kutoka juu, mjomba. Miaka kumi na mitano."

Nikamwambia kwa busara yangu yote: "Sasa tatizo liko wapi? Spika ataita namba tatu, mwenyewe atasema aliuondoa, watapita. Ni dakika moja hiyo."

"Dakika moja? Hao?" Akacheka kicheko kibaya. "Wakiona kosa kwenye karatasi watasimama kumi kuhusu utaratibu. Nani kachapa, nani kasaini, Bunge limedharauliwa. Nusu saa itakwenda. Na nusu saa hiyo ndiyo ya Jailosi."

"Basi kawaambie mapema, wachape pinki."

Akaitazama sahihi yake chini ya karatasi. Hapo nikakumbuka. Mwaka uliopita alipewa barua ya onyo kwa kuchapa jina la mheshimiwa mmoja bila neno Mheshimiwa. Barua ya pili maana yake anaondolewa ofisi ya Mezani, hiyo inayochapa karatasi za Spika, anapelekwa stoo ya majalada huko chini, pasipo na dirisha. Na karatasi ina sahihi tatu chini, ya Lifineti na za wakubwa wawili. Likilipuka humo ukumbini, lawama zitagawanyika, kila mtu atamtazama mwenzake, huenda yeye asiguswe. Akienda mwenyewe asubuhi na kusema ni mimi, basi ni yeye.

Jailosi alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Akamgusa dada yake mkono, akauliza kwa vidole kuna nini. Lifineti akamjibu kwa mikono, harakaharaka. Jailosi akafikiri, akajibu jambo fupi.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema nisiende. Kadi anaweza kuivaa hata mpaka azeeke, mimi nisipoteze kazi."

Lifineti akanywa chai yake mpaka chini, akavaa sweta la kijani, akaondoka kabla hata sijamuuliza nauli ya kwetu ya kumfuata tutaitoa wapi.

Yaliyotokea ofisini alinisimulia baadaye. Bosi wake, Bwana Grevazio Chimtengo, ni mtu wa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Alisoma barua iliyokuwa chini ya kikombe, na alama ya duara ya kikombe chenyewe, kisha akamtazama.

"Mama Kamchacha, unajua kwamba ungekaa kimya ningelaumiwa mimi kwanza? Sahihi ya mwisho ni yangu."

"Najua, bwana. Ni sababu mojawapo ya kuja."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni namba tisa."

Chimtengo alijua namba tisa ni ya nani. Akavua miwani ya puani. "Chapa pinki. Halafu leo usiingie Mezani. Utakaa mlango wa viti vya wageni, ugawe beji. Barua nitakuandikia kesho, mkono wangu hauna haraka."

Lifineti akachapa, safari hii rula ikapanda mara mbili: *Namba 3 imeondolewa. Namba 4 hadi 9 zitaitwa 3 hadi 8.* Mistari hiyo tu. Wahudumu wakaigawa mlangoni, waheshimiwa wakashukuru, wakatia mifukoni.

Saa tatu tulikuwa juu, kwenye viti vya wageni. Lifineti ndiye aliyetugawia beji, kwa uso wa kazi, kama hatujawahi kuonana. Simu zinaachwa mlangoni. Kuongea ni marufuku, kupiga makofi marufuku, kukohoa unakohoa kwa adabu. Askari wa hapo, kijana wa miraba minne anayeitwa Wyson, alinitazama mara moja tu akaja kusimama nyuma yangu. Sijui alijuaje.

Viti vya wageni viko juu, na ukutani upande wa kushoto kuna dirisha refu la kioo kinene lisilofunguka, linatazama uani kwenye mabenchi na maua. Jailosi akakaa karibu na dirisha hilo. Lifineti mlangoni, hatua nne kutoka kwake, akawa anamtafsiria kwa vidole yanayosemwa chini, na sheria ya viti vya wageni haikatazi vidole.

Namba moja ikaenda vizuri. Ya pili ikaenda kama mkokoteni. Ya tatu na ya nne nilisinzia kidogo, nisiwadanganye. Saa tano na nusu ikaitwa namba tano, Muswada wa Mbwa Wazururao.

Jamani! Nani kati ya waheshimiwa wale hajawahi kuumwa na mbwa? Mmoja akaeleza alivyoumwa akienda kuoa. Mwingine akainua suruali aonyeshe kovu, Spika akamwambia ashushe. Mama mmoja wa upande wa ziwani akasema mbwa hawana makosa, wenye makosa ni wanaume wanaowafuga bila kuwalisha, kisha wao wenyewe wanazurura kuliko mbwa. Ukumbi ukavunjika mbavu. Nami nilicheka, Wyson akaniwekea mkono begani. Jailosi akatafsiriwa, akatabasamu, halafu akatazama saa ya ukutani, tabasamu likaisha. Saa sita kasorobo.

Nilimtafuta Mheshimiwa Nakanga kwa macho. Kiti chake kitupu.

Sasa lazima niwaambie habari za kantini, nilizopewa na Dorika, mama wa kwetu anayepakua nsima, ugali wetu, pale. Kantini ina kibao cha umeme ukutani kinachoonyesha namba inayozungumzwa. Waheshimiwa wote wanaishi kwa kibao hicho. Mwenye namba yake haketi ukumbini kusubiri. Anakwenda kula, namba iliyo mbele ya yake ikiwaka ndipo anafuta mikono na kupanda. Na hiyo Alhamisi chambo, samaki wetu wa ziwani, alikuwa mbichi wa asubuhi.

Mheshimiwa Sitolo Kadzombe alikuwa na muswada wa namba saba kwenye karatasi nyeupe. Akainua macho, kibao kinasema tano. Akatazama karatasi yake nyeupe: tano ni kubadilisha jina la daraja. "Daraja, halafu mbwa, halafu mimi," akamwambia mwenzake aliyekuwa na namba nane. "Na hao mbwa watakula saa nzima. Mama Dorika, tuongezee chambo, mimi nipe mwenye kichwa kikubwa." Mbwa, ndugu zangu, walikuwa wameshabweka juu kule nusu saa nzima! Pinki ya Kadzombe ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne, amefungia kijiti cha meno.

Na Nakanga naye alikuwa hivyohivyo. Alichungulia kantini, akaona tano, akahesabu: bado nne, na saa imekwisha. Akatoka uani, akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Mzee wa watu alikuwa amekata tamaa, miguu nayo imevimba.

Saa sita na dakika sita mbwa wakaisha. Spika akasoma kwenye karatasi yake, ambayo Chimtengo alikuwa ameibandika pinki kwa gundi mwenyewe.

"Namba sita. Mheshimiwa Sitolo Kadzombe."

Kimya. Desturi pale mtu huitwa mara tatu. Akaitwa ya pili, akaitwa ya tatu. Hayupo. "Imepita."

Kantini kibao kikawaka sita. Kadzombe akatazama: "Ndiyo mbwa wanaanza." Akanyonya kichwa cha samaki.

"Namba saba." Mwenyewe naye yuko mezani na Kadzombe, anatoa miba. Mara tatu. Hayupo. Imepita.

Nilianza kuelewa, na mnajua mimi huelewa kabla ya watu. Saa sita na dakika tisa, namba yetu ndiyo inayofuata, na mwenye muswada hayupo!

Nikamtazama Lifineti. Amekuwa mweupe kama karatasi yake. Mfanyakazi wa Bunge haruhusiwi kwenda kumwita mbunge wala kumwambia habari ya zamu. Akifanya hivyo si stoo tena, ni lango la nje. Simu ziko mlangoni. Nikavuta pumzi nipige ukelele ambao ungesikika Salima, mkono wa Wyson ukashuka begani mwangu kama gunia la mahindi.

"Mzee, ukifungua huo mdomo tunatoka wote wawili."

"Namba nane," akasema Spika. "Mheshimiwa Bizeki Nakanga."

Lifineti alifanya alichokuwa akifanya asubuhi yote: alimtafsiria ndugu yake. Vidole vyake vikasema, mpaka hata mimi nilielewa: *Namba nane. Sasa. Mzee hayupo.*

Jailosi akageuka akatazama ukumbini. Kisha akageuka dirishani. Na chini kule uani, kwenye benchi, anaona kipara anachokijua.

Kioo kinene, ungepiga ngoma asingesikia. Jailosi hakupiga kitu. Alivua koti lake la buluu, akalipunga juu ya kichwa mara mbili, tatu, mfano wa mtu anayefukuza ndege shambani. Nakanga akaliona lile jambo la buluu linapepea juu, akainua uso. Jailosi akatupa koti, akainua mikono miwili.

Alama hizo nimezijua baadaye. *Wewe. Sasa. Wanakuita.*

Nakanga akajibu kwa mikono, pale pale kwenye benchi: *Bado nne.*

*Hakuna nne. Kimbia!*

"Mheshimiwa Nakanga," Spika akaita mara ya pili, taratibu, akisogeza miwani.

Wyson alikuwa anamtazama Jailosi, kisha kibandiko cha sheria ukutani, kisha Jailosi. Kusema marufuku. Kupiga makofi marufuku. Kelele za aina yoyote marufuku. Aliisoma sheria yote nikimwona midomo inacheza, hakupata kifungu. Akaangalia pembeni kama mtu aliyeona kitu cha maana kwenye dari.

Nakanga alisimama kwenye nyasi na soksi. Viatu alichukua mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, akakimbia. Kukimbia kwenyewe kwa mzee wa sabini mnakujua: magoti yanakwenda juu, safari haisogei. Akapotea chini ya paa.

"Mheshimiwa Nakanga," akasema Spika mara ya tatu, na akaanza kuvuta neno *ime*...

"Nipo, Mheshimiwa Spika!"

Mlangoni mwa ukumbi, anahema, soksi zina majani. Watu wakaanza kucheka. Spika akamtazama miguuni.

"Mheshimiwa, Bunge hili lina mavazi yake."

"Naomba radhi, Mheshimiwa Spika. Nimeitwa kwa haraka."

"Nimekuita mimi, na sikukuona ukiharakisha."

"Aliyeniita hasikii wala hasemi, Mheshimiwa Spika. Ndiyo habari ya muswada wangu."

Mzee akavaa viatu palepale, akatoa hoja. Hakusoma zile kurasa alizoziandika, muda haukuwepo. Alisema habari ya mbao, soko, siku nne, na maneno mawili yaliyoandikwa kitabuni. Aliyatamka mara mbili. Mama yule wa ziwani akaunga mkono, akasema kwake kuna binti aliyejifungua hospitalini bila mtu wa kumuuliza panauma wapi. Wengine wawili wakasema. Saa sita na dakika ishirini na saba Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo.

Nimesikia ngoma nyingi. Ile *ndiyo* ilitetemesha kiti nilichokalia. Wasioafiki, mmoja tu alisema siyo, na nadhani alikuwa ameamka usingizini.

Lakini Jailosi aliona nini? Aliona midomo mingi imefunguka, basi. Kisha ukafunguka mmoja. Akageuka kwa dada yake, na Lifineti hakuwa na mikono. Ameiweka usoni, anatikisika, machozi yanapita kati ya vidole vilevile vya kutafsiria. Akanigeukia mimi. Macho yake yananiuliza: *Wamesemaje?*

Mimi mjomba, mwenye sauti juu ya watoto wale, mwenye maneno ya kumtoa nyoka shimoni. Na ninajua alama tano. Nikazipekua kichwani moja baada ya moja, hakuna hata moja ya *umekubaliwa*. Nikatoa niliyokuwa nayo. Nikainua mikono miwili mbele ya umati, nikamwambia: *Nsima imeiva.*

Jailosi akanikodolea macho. Halafu akaelewa. Akacheka. Kicheko chake hajawahi kukisikia yeye mwenyewe, kwa hiyo hajui kipimo chake. Kilitoka kama punda anayefunguliwa. Ukumbi mzima ukatazama juu. Mtu aliyepiga kelele kuliko wote kwenye viti vya wageni siku hiyo ni kiziwi, na Wyson alipokwenda kumwonya hakujua amwonyeje, akaishia kumwokotea koti.

Saa sita na nusu kamili Kadzombe alipanda kutoka kantini, midomo inang'aa mafuta, akakuta watu wanasali dua ya kufunga. Korido nzima alikuwa anauliza nani kabadilisha namba. Chimtengo akamjibu kwa heshima, "Iko mfukoni mwako, Mheshimiwa."

Barua ya pili ilikuja siku iliyofuata, kama ilivyoahidiwa. Lifineti yuko stoo ya majalada mpaka leo, chini kule, na sweta lake sasa lina vumbi. Chimtengo alimwandikia chini kwa mkono kwamba jambo litatazamwa tena baada ya miezi sita. Hajalalamika. Ameanza kupanga upya majalada ya miaka arobaini, anakwenda kutoka rafu ya chini kwenda ya juu.

Muswada uko kwenye kamati. Jioni ile ya Alhamisi Jailosi alitaka kuivua kadi aitie motoni, dada yake akamshika mkono: bado, mpaka iwe sheria. Akairudisha shingoni. Lakini asubuhi yake alitoka nayo, akavuka soko lilelile na mbao begani, nami nikiwa nyuma yake nimebeba msumeno. Kila jioni sasa ananifundisha alama mpya, mimi na kichwa changu kigumu. Zimefika kumi na tisa. *Umekubaliwa* nilianza nayo.